Umebakiza Kidogo Tu: Je, Inajuzu Kumdanganya Mkimbiaji?



Ndugu msomaji, kama umewahi kukimbia mbio ndefu, hata zile kilomita 10 za hisani zinazoandaliwa na wanafunzi, bila shaka umeambiwa maneno haya: "Kaza, umebakiza kidogo tu!" Na kama umewahi kusimama kando ya barabara kuwashangilia wenzako, huenda wewe mwenyewe umeyasema. Mara nyingi msemaji hajapima chochote. Amesimama kwenye kilomita ya tatu, chini ya mti wenye kivuli, na kila anayepita anampa habari njema kwamba amefika.

Swali langu ni hili: je, huo ni uongo? Na kama ni uongo, je, nia njema inauhalalisha? Wapo watakaosema kuwa jambo hili ni dogo mno kuandikiwa makala. Mimi naona ni kinyume. Wengi wetu, alhamdulillah, hatutoi ushahidi wa uongo mahakamani wala hatupunji mizani sokoni. Uongo wetu wa kila siku ni huu wa huruma, na kwa kuwa una sura ya wema hatuuhesabu.

Maneno ya barabarani

Sisi wa Mbale tunaishi chini ya Mlima Elgon. Upande wa pili kuna Kapchorwa, nyumbani kwa Stephen Kiprotich aliyeshinda dhahabu ya marathoni kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, na nyumbani kwa Joshua Cheptegei aliyeweka rekodi za dunia za mita 5,000 na 10,000 mwaka 2020. Mtu angedhani kuwa hapa mkimbiaji si kioja. Lakini jaribu kutoka baada ya swala ya Alfajiri ukiwa na viatu vya mazoezi, upande barabara ya kuelekea Wanale, utajua.

Wa kwanza atauliza, "Nani anakufukuza?" Wa pili atauliza umeiba nini. Dereva wa bodaboda atapunguza mwendo, atakwenda sambamba nawe, na atakufanyia biashara: "Sheikh, elfu moja tu nakufikisha, wala hutoki jasho!" Mzee aliyeketi barazani atakukumbusha kuwa haraka haraka haina baraka, na jirani yake ataongeza kuwa mbio za sakafuni huishia ukingoni. Dada zetu wanaokimbia na hijabu zao huulizwa kila siku kama hawasikii joto. Mmoja wao ana jibu lake la kudumu: "Nalisikia sana, ndiyo maana nakimbia nifike nyumbani mapema." Halafu yuko mama anayechuma mboga, ambaye husimama, hukutazama, na kukuambia tu, "Gyebale ko," yaani pole na hongera kwa kazi, kisha anaendelea na mboga zake.

Wakimbiaji nao wana yao. Wanaambiana kuwa kilima hakipandi, ni wao wanaopanda. Wanaambiana kuwa kilomita ya mwisho ilipimwa na mtu mwingine, mwenye rula ndefu zaidi. Katika kundi letu akitokea mtu anauliza, "Bado mbali?", anajibiwa na wote kwa pamoja, "Muulize aliyekushawishi!"

Maneno haya yote hayana uzito mmoja. Mengine yanampunguzia mkimbiaji mzigo, mengine yanamwongezea, na mengine yanamdanganya. Kabla ya kuyahukumu tuangalie kwanza mfano wetu mwema.

Mtume (S.A.W.) na utani wa mbio

Baadhi yetu tumezoea kudhani kuwa uchamungu ni kukunja uso. Riwaya za mbio zinatuonyesha picha nyingine. Bi Aisha (R.A.), kama alivyopokea Abu Daud, anasimulia kuwa alishindana mbio na Mtume (S.A.W.) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokuwa amenenepa, walishindana tena, na safari hii Mtume akashinda. Akamwambia kuwa ushindi huu ni malipo ya ule wa kwanza. Ni maneno machache sana, na kila aliyewahi kushindwa na rafiki yake kisha akamlipizia anayaelewa bila tafsiri. Ndani yake hamna uongo wala kuumizana. Bi Aisha aliyatunza mpaka akatusimulia.

Kuna pia kisa cha Salama bin Al-Akwa (R.A.), aliyekuwa na miguu myepesi kuliko wengi wa zama zake. Katika Sahihi Muslim tunasoma kwamba walipokuwa wakirejea Madina baada ya tukio la Dhu Qarad, mtu mmoja wa Ansari ambaye hakuwahi kushindwa kwa mbio alianza kuita njiani: nani atashindana naye mpaka Madina? Alirudia mara kwa mara. Salama alimuuliza kama hana heshima kwa mtukufu wala haya kwa mwenye cheo. Ansari akajibu kuwa hana, isipokuwa kwa Mtume wa Allah. Salama akaomba ruhusa kwa Mtume, akapewa, akaruka kutoka kwenye ngamia. Anaeleza mwenyewe kuwa alijizuia kwa kilima kimoja au viwili ili kuhifadhi pumzi, kisha akaongeza mwendo mpaka akamfikia, akampiga baina ya mabega na kumwambia kuwa wallahi ameshashindwa. Yule Ansari akajibu kwamba naye anadhani hivyo.

Nampenda sana yule Ansari. Alijigamba mbele ya watu wote, na alipopitwa hakutafuta kisingizio cha viatu wala tumbo. Utani wao ulikuwa mkali, lakini ulisimama juu ya jambo lililokuwa kweli.

Na hii ndiyo kanuni yenyewe. Maswahaba walipomwambia Mtume kuwa naye huwatania, alikubali, akabainisha kwamba hasemi ila kweli. Imepokewa na Tirmidhi kutoka kwa Abu Huraira (R.A.). Mtu mmoja alipomwomba mnyama wa kupanda, Mtume alimwambia atampa mtoto wa ngamia jike. Yule mtu akashangaa atafanya nini na mtoto wa ngamia, akaambiwa kuwa hakuna ngamia asiyezaliwa na ngamia jike. Mcheko ulipatikana na ukweli haukuguswa. Tena tumeonywa vikali juu ya mtu anayesema uongo ili watu wacheke.

Kwa kipimo hiki dereva wa bodaboda hana kosa. Kweli angenifikisha kwa elfu moja, na kweli nisingetoka jasho. Lakini yule kijana anayepiga kelele, "Mbwa nyuma yako!" ili aone mkimbiaji anavyoruka, amebeba makosa mawili: ameongopa, na amemtisha Muislamu mwenzake, jambo ambalo Mtume alilikataza pale baadhi ya Maswahaba walipomfanyia mzaha mwenzao aliyelala, akaamka kwa hofu.

Uongo wa huruma

Sasa turudi kwa "umebakiza kidogo". Anayeutetea atasema kuwa sheria imeruhusu uongo kwa maslahi. Ni kweli kuwa katika hadithi ya Ummu Kulthum bint Uqba (R.A.) ndani ya Sahihi Muslim yametajwa mambo matatu: kusuluhisha watu, vita, na mazungumzo ya mume na mke. Lakini wanazuoni hawakuufungua mlango huo wazi kwa kila mtu. Imamu Tabari na waliomfuata waliona kuwa kilichoruhusiwa hapo ni maneno yenye maana mbili, si uongo mtupu. Imamu Ghazali yeye aliruhusu zaidi, lakini kwa sharti ambalo Imamu Nawawi amelinukuu na kulikubali: maneno ni njia ya kufikia lengo, lengo jema likiweza kufikiwa kwa ukweli na kwa uongo, basi uongo humo ni haramu. Unaruhusiwa pale tu ukweli unaposhindwa kufikisha.

Tutumie sharti hilo barabarani. Lengo ni kumtia moyo mkimbiaji. Je, ukweli unashindwa? Mwambie, "Umebakiza kilomita saba, lakini kilima kikubwa kimekwisha." Mwambie, "Mwenzako yuko mita mia mbele, na amechoka kuliko wewe," kama ndivyo. Mwambie, "Maji yako kwenye kona inayofuata." Kama hujui kitu chochote, mwambie hongera. Maneno yote haya yanafikisha, na hakuna hata moja la uongo. Basi hata kwa rai iliyo pana zaidi, udhuru wetu hausimami.

Kuna na madhara ya wazi. Anayekimbia mbio ndefu anagawa nguvu zake kama msafiri anavyogawa maji. Salama alijizuia vilima viwili kwa sababu alijua bado mbali. Ukimwambia mtu amebakiza kilomita moja, atamwaga alichonacho chote, kisha apinde kona aikute barabara imenyooka mpaka upeo wa macho. Hapo hakuna wa kumlaumu, maana mshangiliaji alibaki nyuma kwenye kivuli chake.

Dada mmoja alinipinga kwenye hoja hii. Alisema yeye uongo huo ulimfikisha. Alikuwa ameamua kuacha, akasikia "bado kidogo", akaendelea. Sikatai. Uongo huweza kumsukuma mtu mara moja. Nilimuuliza tu kama siku hizi akiambiwa "bado kidogo" huwa anaamini. Akacheka, akasema haamini hata kidogo, hata utepe wa kumalizia akiuona kwa macho yake. Hiyo ndiyo bei yenyewe: mara ya pili hata msema kweli hasikilizwi.

Wakimbiaji wenyewe kwa wenyewe nao wana kisa mashuhuri. Mwaka 1952, kwenye Olimpiki ya Helsinki, Emil Zátopek wa Chekoslovakia alikuwa tayari ameshinda mita 5,000 na 10,000, kisha akaingia marathoni, ambayo hakuwahi kuikimbia maishani mwake. Alijiweka karibu na Jim Peters wa Uingereza, aliyekuwa na muda bora kuliko wote duniani wakati ule. Inasimuliwa kuwa njiani alimuuliza Peters kama kasi yao inatosha. Peters, aliyekuwa amekwisha kuchoka, alimjibu kuwa ni ndogo mno. Zátopek akamwamini, akaongeza mwendo, akashinda dhahabu ya tatu. Peters hakuumaliza mwendo.

Watu hukisimulia kisa hiki kwa kicheko, na mimi pia hucheka. Lakini mwanafunzi wa fiqhi hana budi kuuliza: je, hii haikuwa hila ya vita? Jibu langu ni hapana. Ni kweli kuwa vitabu vyetu vinayataja mashindano pamoja na kurusha mishale, kama maandalizi ya mapambano. Lakini yule unayeshindana naye si adui. Ni ndugu mliyekubaliana naye kupimana. Kunyamaza kunajuzu, na kuficha uchovu kunajuzu, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kutoa siri ya miguu yake. Peters angeweza kusema, "Wewe unaonaje?" Asingeongopa, na Zátopek asingejua kitu.

Mkimbiaji na mkimbizi

Ukweli peke yake hautoshi. Kuna maneno ya kweli ambayo ni dhulma.

Lugha yetu imeyaweka karibu maneno mawili, mkimbiaji na mkimbizi, na wapo wasioweza kuupita mlango huo bila kuchungulia. Mmoja wa wenzetu wa mazoezi anatoka Kongo. Aliingia Uganda na familia yake akiwa mtoto, kwa miguu, usiku. Ni mwepesi kutushinda wote. Asubuhi moja alipotupita, mmoja kati yetu alipaza sauti: "Mwacheni huyo, mkimbizi kazi yake kukimbia!" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, akajibu bila kugeuka: "Mkimbizi huenda asirudi. Mimi nitarudi, nikupite mara ya pili." Na akarudi, na akampita.

Jibu lilikuwa zuri mno kiasi kwamba wote tulidhani jambo limeishia hapo. Baadaye, tulipokuwa tukinyoosha misuli, aliniambia maneno ambayo nimeyashika mpaka leo: "Ninacheka kwa sababu nisipocheka, nitakuwa mkimbizi na tena mwenye hasira."

Aliyemtania hakusema uongo. Nchi hii ina wakimbizi zaidi ya milioni moja, na huyu ni mmoja wao. Lakini Allah (S.W.) katika Surat Al-Hujurat, aya ya 11, amekataza watu kuwadharau wenzao, huenda wanaodharauliwa ni bora zaidi, na amekataza kuitana kwa majina mabaya. Hakusema majina ya uongo. Jina linaweza kuwa la kweli na bado likawa baya.

Atakayebisha ataleta hoja ya wapokezi wa hadithi: mbona kuna Al-A'mash, mwenye macho dhaifu, na Al-A'raj, kiguru, na maimamu wetu wamewataja hivyo bila kusita? Wanazuoni wamelijibu hilo. Wamejuzisha pale jina linapokuwa la kumtambulisha mtu, si la kumshusha. Kwenye kundi la watu 12 wanaokimbia kila asubuhi, rafiki yetu alikuwa na haja gani ya kutambulishwa? Kila mtu alimjua. Neno lile halikuwa na kazi nyingine ila kumkumbusha ile njia ya usiku.

Kucheka kwake hakukuwa ruhusa. Anayetaniwa mbele za watu hana nafasi ya kuchagua. Akikunja uso ataambiwa hajui utani. Ukitaka kujua kama mzaha wako ni halali, usihesabu waliocheka. Jiulize kama yeye mwenyewe, akiwa peke yake jioni, angependa kuukumbuka. Bi Aisha aliukumbuka utani wa Mtume na kuusimulia kwa furaha.

Maneno yanayobaki

Kuna maneno ya wakimbiaji yaliyovuka mipaka ya viwanja. John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa ameshinda zaidi ya saa moja iliyopita, Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji, wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kuwa nchi yake haikumtuma mbali kote kule kwenda kuanza mbio, bali kwenda kuzimaliza. Hakusema kuwa alikaribia kushinda, wala kuwa maumivu hayapo. Alitaja wajibu wake, akatimiza. Wengi wetu tunamkumbuka yeye, na jina la mshindi mpaka tulitafute.

La pili ni lile la Eliud Kipchoge wa Kenya, linalovaliwa kwenye fulana mpaka hapa chuoni, kwamba hakuna binadamu mwenye mipaka. Mwaka 2019 mjini Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Baadhi ya ndugu zetu wanalipinga neno hilo, wakisema mwanadamu ameumbwa dhaifu na Qur'ani inasema hivyo. Wamesema kweli. Kipchoge mwenyewe alisaidiwa siku ile na wanariadha zaidi ya 30 waliopokezana kumkatia upepo, na kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024 aliiacha marathoni njiani. Mipaka ipo. Lakini nadhani neno lake lina tafsiri iliyo salama: usijiwekee wewe mpaka ambao Mola wako hajakuwekea. Likisomwa hivyo, ni nasaha. Likisomwa kama lilivyoandikwa kwenye fulana, ni "umebakiza kidogo" nyingine, ila imechapishwa vizuri.

Nje ya barabara

Ndugu msomaji, nimesema mengi juu ya viatu na vilima, lakini ninachokihofia hakiko barabarani. Hapa chuoni kuna mwenzetu wa mwaka wa tatu aliyekuwa akifikiria kuacha masomo. Kila aliyekutana naye alimwambia, "Vumilia akhi, umebakiza kidogo." Ukweli ni kwamba alikuwa na mitihani minne ya kurudia na ada ya muhula mzima. Wote waliomwambia vile walimpenda, na hakuna hata mmoja aliyejua hesabu yake. Aliyemsaidia ni yule aliyeketi naye msikitini baada ya Isha, akatoa kalamu, wakaandika kilichobaki chote, somo kwa somo na shilingi kwa shilingi. Orodha ilikuwa ndefu. Lakini ilikuwa na mwisho, na kesho yake walikwenda wote wawili ofisini kuomba kulipa kidogo kidogo. Mpaka naandika haya, bado anasoma.

Hivyo ndivyo tunavyosema pia na wagonjwa, wafiwa, na dada aliyengoja posa miaka. "Utapona tu." "Utasahau." "Ya kwako i njiani." Tunasema upesi ili tuondoke upesi. Uongo wa huruma una faida moja kubwa kwa msemaji: haumgharimu kitu. Ukweli unamtaka msemaji akae, aulize, ahesabu, na pengine akimbie naye kidogo.

Basi mbio za hisani zikija, nenda ukashangilie, maana neno jema ni sadaka. Tania, maana Mtume alitania. Simama mahali unapojua umebaki umbali gani, na useme umbali huo. Ukiwa hujui, fanya kama yule mama wa mboga: mshukuru mtu kwa kazi yake, umwache aende na pumzi zake.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.